Dawa ya maumivu ya ng'ombe wa Kabambare isitoke farmasi ya watu

Ampulu ya diklofenaki inayouzwa farmasini ina miligramu 75 ndani ya mililita 3, na ilipimwa hivyo kwa ajili ya mtu mzima mmoja mwenye mgongo unaouma au jiwe la figo. Ng'ombe wa kilo 300, kwa kipimo kilichokuwa kikitumika India cha miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, angehitaji ampulu kumi. Hesabu hiyo inachekesha, lakini ndiyo inayomngoja mfugaji wa kusini mwa Maniema, mashariki mwa Congo, ambaye ng'ombe wake amevimba kiwele, ameoza kwato au amelala chini baada ya kuzaa kwa shida. Kutoka Kasongo hadi Kabambare, dawa za watu ni rahisi kupata kuliko dawa za mifugo. Penye soko hapakosi mtu mwenye vidonge na ampulu mezani. Msimamo wangu ni huu: ng'ombe wa Kabambare anastahili sindano ya kutuliza maumivu na uvimbe, sindano hiyo iwe ya meloksikamu, ipite njia ya mifugo, na diklofenaki izuiwe isiingie zizini. Tena iamuliwe sasa, wakati ng'ombe bado ni wachache.

Wapo watakaouliza tangu mwanzo kwa nini tujadili maumivu ya mnyama. Ng'ombe, kama wanyama wote wanaowindwa, huficha maumivu yake. Kundi linapotembea naye hutembea, hata kama kila hatua inamchoma, kwa sababu anayebaki nyuma ndiye anayeliwa. Mfugaji hugundua kuchelewa, pale mnyama anaposaga meno, anapokunja mgongo, anapoacha kucheua, au maziwa yanapopungua. Wakati huo uvimbe umekwisha kufanya kazi yake. Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha jinsi aspirini inavyofanya kazi: huzuia mwili kutengeneza prostaglandini, kemikali zinazoleta joto, uvimbe na maumivu. Kwa kazi hiyo alishirikishwa Tuzo ya Nobel mwaka 1982. Dawa zote za jamii hiyo, kuanzia aspirini hadi meloksikamu, hupita njia hiyo hiyo. Kwa ng'ombe faida yake inapimika katika mfuko wa mwenye mali. Nchini New Zealand watafiti walitibu ng'ombe wenye ugonjwa wa kiwele, kundi moja kwa antibiotiki peke yake, kundi la pili kwa antibiotiki pamoja na meloksikamu. Katika kundi la pili ng'ombe waliolazimika kuondolewa zizini walikuwa wachache zaidi. Mnyama asiyeumwa hula, anayekula hutoa maziwa, na aliyeshiba hushika mimba mapema. Huruma ni sababu ya kutosha kwangu, lakini asiye na huruma naye ana sababu yake hapo.

Sasa tuitazame Kabambare yenyewe. Savana za kusini mwa Maniema, mashariki mwa mto Lualaba na kando ya mto Luama, zina nyasi za kulisha makundi makubwa, ila makundi hayo hayapo. Ng'ombe wa Kabambare hawalingani kwa idadi na wa milima ya Fizi na Uvira, na sababu moja ya zamani ni mbung'o. Mbung'o hueneza ugonjwa wa nagana, na nagana iliandika historia ya njia zetu. Misafara iliyotoka Ujiji kwenda Kasongo na Nyangwe ilibebwa kwa mabega ya watu kwa kuwa mnyama wa mzigo hakuvuka salama. David Livingstone, kabla ya kufika Manyema, ndiyo Maniema ya leo, mwaka 1869 na kukaa sehemu ambayo shajara yake inaiita Bambarre, alikuwa ameshuka pwani ya kusini mwa Tanzania ya leo mwaka 1866 na ngamia, nyati, nyumbu wa mizigo na punda ili ajaribu kama wanaweza kuhimili ukanda wa mbung'o; waliisha njiani. Ndiyo maana katika makala haya farasi atatajwa kwa kifupi. Farasi wa Kabambare ni wa kufikirika, na anayetaka kumwona akitibiwa atafute Nairobi au Arusha.

Kwa kuwa nagana ipo, ni lazima niseme jambo ambalo watetezi wa dawa za maumivu hulisahau. Sindano ya maumivu huzima homa, na homa kwa mfugaji ndiyo kengele. Ng'ombe mwenye nagana hupandwa na homa, hushuka, hupandwa tena, huku damu ikipungua wiki baada ya wiki. Ukimchoma dawa ya maumivu siku ya homa, kesho yake atanyanyua kichwa na kula, na mwenye ng'ombe ataona amepona. Vimelea havikuguswa. Vinangoja diminazini au isometamidiamu, na kila siku inayopita bila dawa hizo ni siku ya damu inayopotea. Ndigana kali, inayoletwa na kupe, ina hatari ile ile kwa haraka zaidi, maana huua katika wiki chache. Na kimeta, ambacho mwaka 2025 kiliua viboko kwa makumi katika Hifadhi ya Virunga, hakingoji hata hizo wiki: mnyama mwenye homa kali akitulizwa asubuhi, akachinjwa jioni kwa kudhaniwa ana uchovu tu, wachinjaji na walaji wamekwisha kuguswa na ugonjwa unaoua watu. Kwa hiyo sindano ya maumivu haina haki ya kutangulia. Kwanza mtu apime joto, atazame ufizi kama umepauka, apapase tezi za chini ya sikio na za mbele ya bega, aangalie kwato na kiwele. Halafu ndipo aamue kama maumivu ni ugonjwa wenyewe au ni dalili ya kingine.

Hapo ndipo ampulu ya farmasi ya watu inapoonyesha ubaya wake wa kwanza. Inanunuliwa bila mtu yeyote kumtazama mnyama. Muuzaji amefundishwa, kama amefundishwa, kuhusu mgongo wa mtu, na hana la kusema juu ya nagana. Mara nyingi jirani yake juu ya meza ile ile ni deksamethasoni, ambayo nayo hutuliza uvimbe, ni rahisi, na hupendwa kwa sababu mnyama huamka upesi. Deksamethasoni hushusha kinga ya mwili, jambo baya kabisa kwa mnyama mwenye vimelea vya damu, na kwa ng'ombe mwenye mimba kubwa inaweza kumtoa ndama kabla ya siku zake. Ikichanganywa na diklofenaki au na dawa nyingine ya jamii hiyo, tumbo huchimbika vidonda na figo huumia, hasa mnyama akiwa hajanywa maji. Wapo wanaochoma zote mbili pamoja na antibiotiki ya oksitetrasiklini kwa imani kwamba tatu ni zaidi ya moja. Ng'ombe akipona, sifa huenda kwa mchanganyiko. Akifa, lawama huenda kwa Mungu au kwa jirani mwenye kijicho.

Ubaya wa pili tumekwisha kuonyeshwa na India, kwa gharama ambayo hakuna nchi iliyopaswa kuilipa. Katika miaka ya 1990 tumbusi wa Bara Hindi walianza kuanguka kutoka mitini. Walikuwa mamilioni, wengi kiasi cha kuitwa kero katika miji kama Delhi. Kufikia mwaka 2007 jamii moja, tumbusi mgongo-mweupe wa Asia, ilikuwa imepungua kwa zaidi ya asilimia 99. Watu walidhani ni virusi. Jibu lilichapishwa mwaka 2004 na timu ya Lindsay Oaks iliyofanya kazi Pakistan: tumbusi walikuwa wakifa kwa figo kushindwa, viungo vyao vya ndani vimepakwa chumvi nyeupe ya asidi ya mkojo, na katika figo zao mlikuwa na diklofenaki. Walikuwa wamekula mizoga ya ng'ombe na nyati wa kufugwa waliochomwa dawa hiyo siku chache kabla ya kufa. Hesabu zilizofuata zilionyesha kwamba isingehitajika mizoga mingi: hata mzoga mmoja wenye dawa katika kila mia ungetosha kuangamiza jamii nzima, kwa sababu mzoga mmoja hulisha makumi ya ndege kwa wakati mmoja. Vipimo vya India vilikuta dawa katika mzoga mmoja kati ya kumi.

Tumbusi walipokosekana, mizoga ilibaki kwa mbwa, na mbwa waliongezeka pamoja na kichaa cha mbwa na uchafu wa maji. Wachumi wawili, Eyal Frank na Anant Sudarshan, walikadiria katika utafiti uliochapishwa mwaka 2024 kwamba kati ya mwaka 2000 na 2005 kutoweka kwa tumbusi kulisababisha vifo vya ziada vya watu wapatao 500,000 nchini India. Ni makadirio, na makadirio hujadiliwa. Hata ukiyagawa kwa mbili au kwa tano yanabaki mazito. India, Nepal na Pakistan zilipiga marufuku diklofenaki ya mifugo mwaka 2006, Bangladesh mwaka 2010. Sasa angalia kilichotokea baada ya marufuku, maana ndicho kinachotuhusu zaidi. Viwanda viliendelea kutengeneza diklofenaki ya watu katika chupa kubwa za mililita 30, ukubwa usio na maana kwa binadamu lakini unaomtosha ng'ombe kabisa. Farmasi ya watu ikawa mlango wa nyuma wa zizi kwa miaka tisa, hadi mwaka 2015 serikali ilipoamuru chupa ya sindano ya watu isizidi mililita 3. Amri hiyo haikumkataza mtu yeyote kutibiwa. Ilimfanya tu mfugaji ahesabu ampulu kumi na kuona kwamba dawa halali ya mifugo ni nafuu.

Mpinzani atasema: hiyo ni India, ambako ng'ombe haliwi na mzoga huachwa uwanjani, hapa kwetu nani anamwachia tumbusi ng'ombe mzima? Pingamizi hili lina nguvu na nalikubali nusu. Tumbusi wa Afrika wanapungua vibaya. Uchambuzi wa mwaka 2016 ulioongozwa na mtafiti Darcy Ogada ulionyesha jamii nane zikiwa zimeshuka kwa wastani wa asilimia 62 katika miaka thelathini. Lakini chanzo kikubwa kilichotajwa ni sumu, inayowekwa katika mizoga kulipiza kisasi kwa simba na fisi, au inayowekwa na majangili, pamoja na biashara ya viungo vya ndege kwa uganga. Diklofenaki haikuwa juu ya orodha hiyo, na sitaki kuisukuma juu kwa nguvu. Ninachojua ni kwamba tumbusi mgongo-mweupe wa Afrika walipojaribiwa maabara walionekana dhaifu mbele ya dawa hiyo kama ndugu zao wa Asia, kwamba mwaka 2007 diklofenaki ya mifugo ilikutwa ikiuzwa Tanzania, na kwamba wakati huo watengenezaji wa Brazili walikuwa wakiisafirisha kwenda nchi kumi na tano za Afrika. Hispania nayo iliiruhusu mwaka 2013 ikijiona ina udhibiti wa kutosha. Mwaka 2020 tumbusi mweusi alikutwa amekufa huko kwa dawa hiyo hiyo. Kama Hispania yenye madaktari wa mifugo kila wilaya haikuweza, sioni kwa nini tujipe moyo.

Nusu ile ya pili ya pingamizi ndiyo inayonisumbua zaidi. Ni kweli kwamba katika Maniema mzoga hauachwi. Ng'ombe akianguka, kisu hutangulia roho. Nyama hugawanywa siku hiyo hiyo, na karibu na machimbo ya dhahabu kama Namoya, ambako wachimbaji wana pesa na nyama ni adimu, hakuna anayeuliza mnyama alikuwa anaumwa nini. Nafasi ya tumbusi wa India tumeikalia sisi wenyewe. Kinga ya mlaji katika nchi nyingine ni muda wa kusubiri: dawa ya mifugo huja na karatasi inayosema siku ngapi zipite kabla ya kuchinja na kabla ya kunywa maziwa. Kwa meloksikamu, kanuni za Ulaya zinataka siku 15 kwa nyama ya ng'ombe na siku 5 kwa maziwa. Ampulu ya farmasi ya watu haina siku yoyote iliyoandikwa kwa ajili ya ng'ombe, na haiwezi kuwa nayo, kwa kuwa haikutengenezwa kwa ajili yake. Mfugaji anayetaka kuwa mwaminifu hana pa kusoma.

Nisitie watu hofu. Kipande cha nyama chenye mabaki machache ya diklofenaki hakimwangushi mtu mezani. Mwili wa binadamu huishughulikia dawa hiyo kwa namna ambayo figo ya tumbusi haiwezi, na kiasi chake katika nyama ni kidogo kuliko cha ampulu moja. Hatari kubwa kwa mlaji ni ile ya mnyama mgonjwa aliyepambwa na dawa akaonekana mzima. Ila si dawa zote za jamii hii ni za kusamehewa. Fenilbutazoni, ambayo ulimwenguni hutumika sana kwa farasi, imewahi kuharibu uboho wa baadhi ya watu walioimeza ukashindwa kutengeneza damu. Kwa sababu hiyo Marekani iliikataza mwaka 2003 kwa ng'ombe wa maziwa waliofikisha miezi 20, na nyama ya farasi ilipogunduliwa ndani ya nyama iliyouzwa kama ya ng'ombe Ulaya mwaka 2013, moja ya maswali yaliyoulizwa lilikuwa kuhusu fenilbutazoni. Nchi yenye mpaka mrefu kama wetu haifai kungoja dawa ya namna hiyo iingie ndipo ianze kuuliza.

Kwa nini basi meloksikamu? Kwanza kwa sababu imepimwa upande ambao wengine wameshindwa. Baada ya India kupigwa, watafiti waliwalisha tumbusi, wakiwamo wa Afrika, meloksikamu kwa vipimo vikubwa kuliko wangekutana navyo katika mzoga, na ndege wakabaki hai. Ketoprofeni, ambayo ni dawa nzuri kwa ng'ombe na ina muda mfupi wa kusubiri, ilikutwa ikiwaua. Bangladesh iliikataza kwa mifugo mwaka 2021, India mwaka 2023. Fluniksini ni kali na yenye nguvu, lakini kwa ng'ombe inapaswa kuingia mshipani. Ikichomwa msulini huunguza nyama na mabaki yake hukaa zaidi ya siku zilizoandikwa. Kumtaka mtu asiyesomea akamate mshipa wa shingo wa ng'ombe anayejitupa, kwenye matope, bila zizi la kumbania, ni kumtafutia ajali. Meloksikamu huchomwa chini ya ngozi, hudumu muda mrefu, na kipimo chake ni rahisi kukumbuka: nusu miligramu kwa kila kilo, mara moja. Na kwa kuwa kampuni nyingi za India sasa huitengeneza, bei yake haina kiburi cha zamani.

Kuhusu farasi na punda niseme kidogo, kwa wasomaji wa upande wa pwani na Nairobi. Farasi akichomwa fluniksini msulini anaweza kupata uozo wa misuli unaoletwa na bakteria wasiopenda hewa, akafa kwa dawa iliyokuwa imponye msokoto wa tumbo. Fenilbutazoni ikimwagika nje ya mshipa huua nyama ya shingo. Punda ana tatizo lake: mwili wake huondoa fenilbutazoni haraka kuliko wa farasi, kwa hiyo anayempima kama farasi mdogo humwacha na maumivu huku akidhani amemtibu. Kisiwani Lamu, ambako punda ndiye gari, shirika la The Donkey Sanctuary limekuwa na kliniki tangu mwaka 1987, na hayo ni mambo ya kazi ya kila siku pale. Kabambare tuwaachie wao.

Kuna pingamizi la aibu, na ndilo zito kuliko yote. Mama anayejifungua huko kijijini hana dawa ya maumivu; leo tunamtafutia ng'ombe? Sitajibu kwa kusema kwamba ng'ombe ni mali na mali humlipia mama hospitali, ingawa ni kweli. Jibu langu liko karibu zaidi. Kila ng'ombe anayetibiwa kwa ampulu za watu anakula dawa ya wagonjwa kumi. Farmasi ndogo inayopokea boksi mara moja kwa miezi kadhaa, kwa pikipiki, kwa njia ambayo mvua huikata, haiwezi kulisha zizi na zahanati kwa pamoja. Mfugaji mwenye pesa atanunua kabla ya mgonjwa asiye nazo. Anayetaka dawa za watu zibaki kwa watu anapaswa kuwa wa kwanza kudai dawa za mifugo ziwepo.

Wengine, na hasa wazee wa mifugo, husema maumivu yana kazi: ng'ombe anayechechemea hupumzisha mguu, ukimwondolea maumivu atatembea hadi mguu uharibike. Wazee hawa hawajakosea. Mnyama mwenye mfupa uliovunjika au kwato lililooza asichomwe dawa ya maumivu ili afike mnadani. Huko ni kumtumia mnyama dawa dhidi yake mwenyewe. Lakini uvimbe wenyewe nao huharibu. Kiwele kilichovimba hufungia maziwa na kuua tishu inayoyatengeneza, na tishu hiyo hairudi; ndama aliyehasiwa akakaa siku tatu bila kunyonya vizuri hupoteza uzito ambao malisho ya kiangazi hayaurudishi. Hukumu iwe hivi: pale dawa inaposaidia mnyama apumzike na ale, itumike, pale inapomsaidia mwenye mali kumwendesha, isitumike. Anayeona mpaka huo haueleweki amtazame mnyama kesho yake.

Nimebakiza pingamizi la wakata tamaa: Congo sheria zipo, nani anazifuata? Marufuku itakayotoka Kinshasa itafika Kabambare kama karatasi, na mpaka wa Uvira au bandari ya Kalemie havitasimamisha boksi la ampulu. Nakubali, na ndiyo sababu sidai marufuku peke yake. Somo la India ni kwamba karatasi ilifanya kazi tu pale dawa mbadala ilipokuwa dukani kwa bei ya kukaribiana. Mfugaji hana sababu ya kuipenda diklofenaki. Anaitumia kwa kuwa ndiyo iliyopo. Mpe meloksikamu yenye karatasi ya kusubiri, katika soko lile lile, na diklofenaki itaondoka zizini bila polisi. Ama kuhusu nani ataichoma: daktari wa mifugo mwenye shahada ni adimu, na kitivo cha tiba ya mifugo cha Chuo Kikuu cha Lubumbashi kiko mbali na Luama kwa kila maana. Lakini sotoka, uliokuwa ugonjwa mbaya kuliko yote ya ng'ombe barani, ulitangazwa kumalizika duniani mwaka 2011, na sehemu ngumu kufikika kama Karamoja, Afar na kusini mwa Sudani zilifikiwa na wachungaji waliofundishwa kuchanja kwa chanjo inayovumilia joto. Vijana wale hawakuwa madaktari. Walifundishwa kazi moja, wakaifanya vizuri. Kupima homa, kukagua kiwele na kwato, kutambua dalili za nagana, kuchoma chini ya ngozi na kuandika tarehe ni kazi ya uzito huo huo.

Hata daftari la tarehe lina maana kubwa kuliko linavyoonekana. Muda wa kusubiri hauwezi kulindwa na mkaguzi ambaye hayupo. Unaweza kulindwa na mnunuzi anayeuliza ng'ombe alichomwa lini. Wachinjaji wa Kasongo na wauza nyama wa Salamabila, karibu na Namoya, wana nguvu hiyo mkononi na hawajaitumia, kwa sababu hadi leo hakuna kitu cha kuuliza. Kadi ndogo inayomfuata mnyama hadi machinjioni, yenye jina la dawa na siku ya mwisho ya kusubiri, ingempa mchinjaji haki ya kukataa, au angalau ya kushusha bei. Ni kwa bei, zaidi ya kwa mahubiri, ndipo mwenye ng'ombe atakapojifunza kungoja. Na akibanwa na shida asiweze kungoja siku 15, basi asimchome. Kama mnyama hana homa, amchinje mapema na achukue bei ya mnyama mgonjwa.

Uamuzi wa kwanza unaweza kufanywa na ukaguzi wa mifugo wa jimbo kule Kindu bila kungoja bunge: kuandika kwamba kila mradi, kanisa au mfanyabiashara anayeleta dawa za mifugo Kasongo na Kabambare alete meloksikamu kama dawa ya maumivu, na kwamba diklofenaki, ya mifugo au ya watu, isichomwe mnyama. Mzigo wake si mkubwa. Chupa moja ya mililita 100 yenye miligramu 20 kwa kila mililita hutosha ng'ombe kumi na tatu wa kilo 300. Boksi la chupa kumi na mbili, linalokaa nyuma ya pikipiki, hutosha ng'ombe 160, na kwa mkoa wenye ng'ombe wachache kama huu, hao ni wagonjwa wa muda mrefu.